Tairi za Mwanzisha Nyimbo

Siku tulipomzika kaka yangu Isbrand Harms, mhubiri alisoma habari za maisha yake, kama tutakavyosomewa sote siku yetu ikifika. Alizaliwa wapi, alibatizwa mwaka gani, alimwoa nani, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Yote yalikuwa kweli, nami nilimshukuru Mungu kwa kila neno. Lakini nikiwa nimekaa upande wa wanawake, kitambaa cheusi kichwani, nilijikuta nasubiri habari za tairi. Hazikuja. Baada ya kuomba na kufikiri nimeona niziandike mwenyewe, maana wajukuu wake walimjua akiwa mzee wa kiti cha jikoni, na baiskeli waliikuta bandani imefunikwa turubai.

Niseme mapema, kwa kuwa jamaa wa mbali wameuliza: hakufa kwa baiskeli. Alilala mwezi wa nne, moyo ukachoka, Bwana akamwita kabla ya asubuhi. Uso wake ulikuwa umetulia, na mimi nililia, na bado nalia nikipiga pasi mashati ambayo hayana mtu tena.

Habari hizi ni za zamani kidogo, watoto wake walipokuwa wameshaanza kuoa na kuolewa. Mimi, Tina, sikuolewa, nilikuwa nikiishi chumba cha nyuma nyumbani kwake, na mkewe Aganetha, tuliyemwita Neta, alikuwa wifi yangu na rafiki yangu. Gari lilikuwa moja, nalo lilikuwa la Neta, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwaogesha wazee majumbani, shamba hadi shamba. Isbrand alikuwa mwangalizi wa ghala la viazi nje ya mji. Alikwenda kwa baiskeli, kiangazi na baridi.

Mgeni akisikia baridi ya kwetu hudhani tunaishi ndani ya theluji. Theluji ya kwetu haikai. Upepo huibeba na kuipeleka kwa jirani, na jirani naye huipeleka mbele. Barabara inabaki nyeusi, kavu, ngumu kama chuma cha jiko lililozimwa. Mtu anaweza kuendesha baiskeli juu ya lami tupu huku kope zake zimeganda.

Tena kaka yangu alikuwa mwanzisha nyimbo. Kanisani kwetu hakuna kinanda wala filimbi ya kutafutia sauti. Waanzisha nyimbo hukaa kwenye benchi la mbele, na zamu yake ikifika mmoja hutaja namba, huvuta pumzi, halafu huimba neno la kwanza peke yake. Pale alipoliweka neno lile, juu au chini, ndipo kanisa zima linamfuata. Akikosea, tunaimba kosa lake hadi ubeti wa mwisho. Kuusimamisha wimbo wa Mungu katikati na kuuanza upya ni jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Ndugu, yaani wanaume wa kanisa, walimpigia kura Isbrand akiwa kijana, na kazi ile mtu hupewa mpaka sauti imwishe au roho imtoke.

Mahali pa kujifunzia nyimbo zake palikuwa barabarani. Nyumbani tulikuwa tunapiga kelele, na ghalani mashine za kupuliza hewa zilikuwa zinanguruma. Kwa hiyo aliimba akienda na akirudi, wimbo wa Jumapili ijayo, wiki nzima, hadi ng'ombe wa pembeni mwa njia waliujua.

Mwaka ule, baada ya upepo wa joto kutoka milimani kuyeyusha kila kitu, baridi ilirudi ghafla. Barabara nzima ilikuwa tupu na kavu, isipokuwa kwenye daraja la mfereji, ambapo maji yalikuwa yametuama na kuganda. Isbrand alirudi siku hiyo anaisukuma baiskeli, suruali imechanika gotini, kiwiko kimevimba.

"Umeanguka," Neta alisema. Hakuuliza.

"Daraja limenisukuma."

"Daraja limekusukuma! Na wewe ulilifanya nini?"

"Nilikuwa naimba tu, mama."

"Hebu lete huo mkono. Tina, lete maji ya moto. We Isbrand we, nawaogesha wazee wa watu kutwa nzima, sasa unataka nije nikuogeshe na wewe kabla ya wakati wako?"

"Wakati wangu ukifika utanifanyia bei nzuri?"

Neta hakucheka. Nilimwona anakifunga kile kiwiko, anakaza kuliko ilivyohitajika. Baba yake alianguka kwenye barafu uani kwake na hakuinuka tena, nasi sote tulilijua hilo. Alipomaliza fundo la kitambaa alisema, "Ama unatia tairi za misumari, ama baiskeli hii inakwenda kwa muuza vyuma chakavu. Chagua."

Isbrand alichagua tairi za misumari.

Jumamosi tulikwenda wote watatu kwa Bwana Yamada, mzee mwembamba mwenye duka la baiskeli mjini, ambaye babu zake walilima viazisukari mkoa huu kabla ya sisi kufika. Alitusikiliza, akamgeukia Isbrand.

"Barabara yenyewe ikoje?"

"Baridi," Neta alijibu.

"Baridi naijua, mama, ninalala nayo. Nauliza barabara. Ina barafu njia nzima?"

"Ni kavu," Isbrand alisema. "Isipokuwa darajani."

Mzee alishusha tairi kutoka kwenye ndoano na kutuonyesha vijisumari vya chuma vilivyochomoza kwenye mpira, safu kwa safu. "Hizi ni za barafu. Juu ya barafu hakuna kinachozishinda. Lakini kwenye lami tupu ni kama kuingia sebuleni na viatu vya njumu. Zinapiga kelele, zinavuta mguu nyuma, na misumari yenyewe inalika bure."

"Lami kavu haijamvimbisha mtu kiwiko," Neta alisema. "Barafu ndiyo imemvimbisha. Funga hizo."

Bwana Yamada alimtazama Isbrand, Isbrand akatazama dari. Zikafungwa.

Kelele ile ilikuwa jambo la pekee. Haikuwa mlio wa kukwaruza tu. Baiskeli ikishika mwendo, misumari ile yote ilikusanya sauti moja ndefu, nyembamba, kama ya nyuki mkubwa aliyefungiwa kwenye kopo. Mbwa wa jirani waliifukuza. Isbrand alisema anajisikia kama anaendesha cherehani. Alianza kuondoka nyumbani mapema zaidi, na jioni alifika mapaja yanamwuma, akakaa kwenye ngazi kabla ya kuvua viatu. Lakini hakulalamika, na Neta alikuwa na furaha.

"Unasikia, wifi?" alikuwa akiniambia, anainua kijiko kutoka kwenye chungu. "Huyo, anakata kona kwenye miti ya akina Friesen. Naweza kupakua."

Na kweli alipakua, na supu ilikuwa bado ya moto mume alipoingia. Mimi niliona vizuri. Nilisema moyoni kwamba Mungu ametupa amani kwa njia ya misumari.

Halafu ikaja Jumapili.

Isbrand alitaja namba, akavuta pumzi, akaliweka neno la kwanza juu kama kiota cha tai. Niliona mabega ya wanawake mbele yangu yanapanda, kila mmoja anatafuta hewa. Tukamfuata, tungefanya nini? Wimbo ulikuwa wa beti kumi na moja, na sisi huimba polepole. Kwenye ubeti wa tatu karibu wasichana tu ndio waliokuwa wamebaki. Kwenye ubeti wa tano shangazi Margaretha Banman, ambaye hajawahi kunyamaza kanisani tangu utoto, alifunga kitabu na kukiweka mapajani. Upande wa wanaume walikwisha kuteremka chini zamani, wananguruma huko kwenye kina chao. Kaka yangu peke yake alibaki juu, shingo nyekundu, mishipa imesimama, anaimba hadi mwisho kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa.

Nje, watu wakifunga makoti, shangazi Margaretha alimshika mkono. "Isbrand mwanangu, nilidhani leo umeshawaona malaika, unatuita tupande."

"Nisamehe, shangazi."

"Nikusamehe nini? Nimekohoa mpaka kikohozi cha mwaka jana kimetoka."

Watu walicheka, naye alicheka. Mwanzisha nyimbo yeyote hupotea siku moja. Lakini Jumapili iliyofuata zamu yake ilipofika alifanya vilevile, palepale, juu kabisa, na safari hii hakuna aliyecheka nje. Watu walimwambia habari za hali ya hewa.

Mchana ule walikuja mezani kwetu Bernhard Banman, mume wa shangazi Margaretha na mkubwa wa benchi la waanzisha nyimbo, pamoja na mkewe. Tulikuwa na kahawa, jibini, jemu ya plamu, na ile mikate midogo tunayoioka donge dogo juu ya donge kubwa, kama kichwa juu ya mwili. Isbrand hakugusa mkate.

"Mzee Bernhard," alisema, "mkutano wa ndugu ukifika nitasimama niombe wachague mwingine."

"Wachague mwingine wa nini?"

"Wa benchi. Sikio langu limezeeka. Nasikia wimbo uko chini, kumbe uko juu. Mtu asiyesikia kosa lake atalirekebishaje?"

Mzee Bernhard alivunja mkate wake. "Mimi nina miaka mingi kuliko wewe na sikio moja limeziba kabisa."

"Lililobaki ni zima. Yangu yote mawili yananidanganya."

Shangazi Margaretha alimsogezea jibini. Mkutano wa ndugu ulikuwa mwisho wa mwezi. Nilimtazama Neta, naye alikuwa akimtazama mumewe kama anavyowatazama wazee wake siku wanapokataa chakula. Wiki iliyofuata Isbrand hakuimba akinyoa ndevu. Hakuimba akijaza kuni. Aliimba barabarani tu, kwa bidii, kama mtu anayechimba kisima mahali ambapo maji yamekataa.

Kilichotokea kilitokea kwenye kamba ya nguo. Ilikuwa siku ya utulivu, jambo la nadra kwetu, jua linawaka bila kutia joto, na mimi na Neta tulikuwa tunaanika mashuka yanayokauka kwa kuganda kwanza. Isbrand alikuwa amepewa ruhusa ya mchana. Tulisikia tairi kutoka mbali, yule nyuki. Halafu, juu ya ile sauti ya tairi, tukasikia anaimba.

Neta aliganda na kibanio mdomoni. Akakitoa.

"Wifi. Sikiliza."

"Nasikia. Anakuja."

"Sikiliza vizuri. Sauti ya tairi, na sauti yake."

Nikasikiliza. Alikuwa ameikalia ile sauti ya tairi kama mtu aliyekaa juu ya punda. Tairi ilikuwa inampa mwanzo, naye aliupokea, na kila mwisho wa mstari alirudi palepale, imara, sahihi. Wimbo wenyewe ulikuwa mzuri. Ulikuwa juu tu, mahali ambapo shangazi Margaretha asingefika hata kwa ngazi.

Neta aliuanza wimbo uleule taratibu, kwa sauti tuliyozoea tangu utoto. Zile mbili ziligongana vibaya hata nikakunja uso.

"Sikio lake halina ugonjwa," Neta alisema. "Halikosei hata kidogo. Wiki nzima linalishwa na misumari." Akakaa juu ya kapu la nguo. "Misumari niliyoitaka mimi."

"Basi mwambie, atafurahi."

"Nikimwambia atataka kuivua. Na akiivua, wifi, daraja liko palepale."

Alikaa pale mpaka Isbrand akaingia uani na sauti ya nyuki ikakatika. Aliona sisi wawili tumemkodolea macho, shuka moja iko chini.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu," Neta alisema. "Panda tena baiskeli. Zunguka kwa akina Friesen urudi, na ukifika hapa usinyamaze. Endelea kuimba, mguu chini."

Alimtii, maana wanaume hutii wakiwa wamechanganyikiwa. Alizunguka, akarudi akiimba, akasimama. Tairi zikanyamaza. Yeye akaendelea mistari miwili, na Neta akaingia chini yake na sauti ya kawaida. Niliuona uso wa kaka yangu ukibadilika polepole, kama dirisha likifutwa ukungu.

"Kumbe," alisema. "Kumbe ni hizi tairi za mbwa."

"Usitukane tairi, zina kazi yake."

"Neta, nilikuwa tayari kusimama mbele ya ndugu niseme Mungu ameniondolea sikio!"

"Najua. Ingia ule, halafu twende kwa Yamada."

Bwana Yamada hakusema kwamba alituonya. Alimpa Neta kiti. Kisha alitoka nje kwenye gari lake la mizigo akaleta tairi mbili zilizolala huko kwenye baridi. Moja ilikuwa ya kiangazi, kama ile aliyokuwa nayo Isbrand siku aliyoanguka. Akampa Neta.

"Ikunje, mama."

Neta alijaribu. Ilikuwa kama kwato. Akampa ya pili, nayo ilikunjika kama utepe wa tambi kabla haijakatwa.

"Zote zimelala mahali pamoja," mzee alisema. "Mpira wa hii umechanganywa kwa ajili ya baridi, haugandi, kwa hiyo unaishika lami. Ni pana kidogo kuliko ya zamani, msiijaze upepo mpaka iwe jiwe, iacheni ikae chini vizuri. Ndani ina utando mnene wa kuzuia vioo na miiba, kwa sababu hakuna anayetaka kubadilisha tyubu na vidole vilivyoganda. Na haina sauti."

"Na darajani?" Neta aliuliza.

Mzee alifuta mikono yake. Nilimpenda kwa jibu lake. "Darajani, kukiwa na barafu, tairi isiyo na misumari haitakuahidi kitu. Nami sitakuahidi."

Isbrand alikuwa ameinua baiskeli begani ili isiguse sakafu ya mtu. Akaishusha.

"Darajani nitashuka," alisema. "Nitaisukuma kwa miguu hadi ng'ambo."

"Siku za barafu tu?" Neta aliuliza.

"Kila siku. Hata kukiwa kukavu. Nikianza kuchagua siku, nitachagua vibaya."

"Na ukichelewa kazini?"

"Viazi havina saa. Neta, nitaapa ukitaka."

"Sisi hatuapi," Neta alisema haraka, kama anamkemea mtoto.

"Basi nasema ndiyo."

Neta alimtazama mtu wake kwa muda mrefu hata Bwana Yamada akajifanya anatafuta bisibisi. Kwetu ndiyo ya mtu ndiyo hati yake, hakuna nyingine ya juu zaidi. Mwisho alisema, "Mfungie hizo laini, Bwana Yamada. Na kipara chake mwambie akivalishe kofia, baridi inaingilia huko pia."

Ningependa kusema kwamba Jumapili iliyofuata mambo yalikaa sawa, lakini andiko lisiwe la uongo. Isbrand aliogopa kupanda, akaanza chini mno. Wanaume walivuma kama vyura kwenye mfereji, na upande wetu tulikuwa tunatafuta sauti sakafuni. Shangazi Margaretha alinisogelea nje akaninong'oneza, "Mwezi huu, mwanangu, kaka yako ametutembeza mbingu na kuzimu. Imebaki dunia."

Sasa ilibaki Jumapili moja kabla ya mkutano wa ndugu. Isbrand alisema iwe ni misumari au si misumari, mtu akipotea mara tatu mfululizo anastahili kukaa na watu wengine kwenye mabenchi yao. Neta hakubishana naye. Wanawake hatusemi kwenye mkutano ule, lakini jikoni tunasema, na alichosema Neta kilikuwa hiki tu: "Wiki hii imba njiani. Usisikilize kitu kingine. Njia iko kimya sasa."

Aliimba. Mimi nilikuwa na safari ya kumpelekea mgonjwa mmoja maziwa asubuhi, nikiwa na Neta garini, na tulimkuta kwenye daraja. Alikuwa ameshuka, anaisukuma baiskeli hatua kwa hatua, daraja lenyewe likiwa kavu kabisa, na alikuwa anaimba bila kutuona. Neta alipunguza mwendo, akafungua kioo kidogo, baridi ikaingia. Hakupiga honi. Alisikiliza, midomo yake inafuata, halafu akafunga kioo akaendelea kuendesha, na macho yalikuwa yamemlowa. Nilidhani atasema neno. Aliniuliza kama nimekumbuka kuufunga mfuniko wa maziwa.

Jumapili ile Isbrand alitaja namba. Alivuta pumzi, akakaa nayo kidogo, na nilijua kila mtu kwenye mabenchi yale anasubiri pamoja naye. Neta alikuwa amefumba macho. Neno la kwanza likatoka, si juu wala si chini, likakaa mahali pake kama kikombe kwenye kisahani. Upande wa wanawake ukainuka bila kunyoosha shingo, wanaume wakaingia chini yetu, na tuliimba beti zote kumi na tatu. Nilimsikia shangazi Margaretha nyuma yangu hadi neno la mwisho, na hata baada ya neno la mwisho, kwa kuwa yeye huchelewa kuacha.

Mkutano wa ndugu ulikuja. Mimi na Neta tulibaki nyumbani tunakata tambi za supu, na Neta alikata zake nene kuliko kawaida. Hatukusikia baiskeli ikija. Mlango ulifunguka tu, Isbrand akaingia na baridi yake, akatundika koti.

"Ulisimama?" Neta aliuliza, kisu mkononi.

"Nilisimama."

Kisu kikalala mezani.

"Mzee Bernhard aliomba mtu wa kupanda juu aangalie paa la kanisa, linavuja. Hakuna aliyejitolea, nikasimama mimi."

"Juu ya paa," Neta alisema. "Kwenye baridi hii. Wewe na kiwiko chako."

"Nitakuwa na ngazi."

"Tina, nishike, nitampiga mtu kwa mti wa kusukumia unga."

"Na benchi je?" niliuliza mimi.

"Benchi?" Kaka yangu alivuta kiti na kuchungulia chungu. "Hakuna aliyeuliza habari za benchi. Supu imeiva?"